Soma Mkataba Kabla ya Kuuliza Mshahara

Vijana wanaomaliza Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor huniuliza sana: niingie kampuni ya teknolojia, ama nijitafutie kazi zangu mwenyewe? Mimi huwaambia waingie, angalau kwa miaka ya mwanzo.

Sababu ni watu utakaokaa nao. Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea satelaiti, ghali na ya kusuasua. Kwa hivyo mji huu una mafundi waliokua na kazi hii. Ujuzi wangu mwingi niliupata kando ya watu kama hao, nikitazama wanavyosaka chanzo cha hitilafu hatua kwa hatua, bila papara. Nyumbani peke yako huyapati hayo.

Kinachochosha ni zamu za usiku. Mko mkekani mnangoja adhana ya magharibi mfuturu, simu inalia: seva imezima, na wewe ndiye wa zamu. Mwajiri wangu mmoja hakuziandika zamu hizo popote, wala hakuzilipa, na nimeona ndoa za wenzangu zikiyumba kwa sababu hiyo. Basi uliza mapema, tena uombe iandikwe: zamu ni ngapi kwa mwezi, zinalipwa vipi, na ukikesha, kesho yake unaingia saa ngapi? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Kipindi cha majaribio nacho kisizidi miezi sita, ila ukikubali mwenyewe kuongezewa. Wengi hawalijui hili, wanabaki majaribioni hadi wanakata tamaa.

Vyeo vikubwa, ndiyo, vingi viko Nairobi. Hilo lisikuzuie kuanza.

Jingine, programu unayoandika kazini huwa mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Ukiwa na mradi wako wa pembeni, utaje kwa maandishi kabla hujatia sahihi, uujenge kwa kompyuta yako, saa zako. Na wakikuharakisha utie sahihi hapo hapo, omba uende na mkataba nyumbani ukausome.