Bega la mhasibu: kabla hujanunua kiti, angalia kipanya kimekaa wapi

Pole mkuu. Umeuliza kama ununue kile kiti cha laki sita kwa sababu shingo na bega la kulia vinakuuma kila ukitoka kazini, na siku hizi vidole vinakufa ganzi. Subiri kwanza. Mimi nilishanunua, na bega liliendelea kuuma vilevile.

Ni mhasibu, mwaka wa 11 huu niko mbele ya kompyuta. Mwanzoni nilidhani ni uchovu, nikikandwa kwa maji ya moto maumivu yanaisha. Kufikia msimu wa kufunga hesabu, hata kugeuza shingo niangalie bodaboda wakati wa kuvuka barabara ilikuwa shida. Nikawa mteja wa diklofenaki duka la dawa, wiki tatu bila kumwona daktari, mpaka tumbo likaanza kuwaka. Hapo usiniige, dawa hizo huchubua tumbo na figo pia zinaweza kuumia. Ofisini wengine walisema ni baridi ya kiyoyozi, mmoja akaninong'oneza nikaangaliziwe.

Nilianza na laptopu. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, yaani rimu mbili za A4, na ukiinamia kioo kilicho chini, misuli ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke. Nikaweka rimu tatu chini ya laptopu, ukingo wa juu wa kioo ukawa usawa wa macho, nikachomeka kibodi ya pembeni, ile ndefu yenye namba upande wa kulia. Shingo ikapata nafuu. Bega likazidi!

Mtu wa fiziotherapia hata hakulishika. Aliniambia nikae kama niko kazini, nishike kipanya. Mkono ukaenda mbali kabisa, ukapita namba, ukapita na lundo la faili za risiti. Kumbe kutwa nzima bega lilikuwa limeubeba mkono hewani bila kupumzika, na msuli ukikazwa muda wote damu haiupitii vizuri. Kibodi fupi isingenifaa, mhasibu bila namba atafanya nini? Nikahamishia kipanya mkono wa kushoto. Wiki mbili nilikuwa kichekesho cha ofisi, mshale unakimbia kila upande. Baada ya kama miezi miwili bega lilitulia.

Tena kunywa maji mengi. Mkojo utakuinua kitini kuliko kengele yoyote ya simu.

Ganzi yako lakini iangalie. Ikiwa ni dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, mara nyingi mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Kidole kidogo kikifa ganzi, chunguza kama unaegemeza kisugudi kwenye ukingo wa meza. Ukianza kudondosha vikombe au mkono kukosa nguvu, nenda hospitali, usisubiri majibu yetu humu.

Kiti changu nakiuza, ukikitaka bado njoo pembeni tuongee bei.