Kanda za kupamba hazitoki nyumbani

Kwetu Kibokoni kanda za video za harusi zilikaa miaka mingi ndani ya kasha la mamangu, zimeviringwa kwa leso. Za nikaha ziliazimwa ovyo, na nyingine hatujui zilikoishia. Za kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu, hazikutoka. Mle mna halati zangu, dada za mama, hawana buibui, nywele wazi, wanacheza chakacha. Ukimpelekea fundi akutilie kwenye diski, lazima kanda aicheze mwanzo hadi mwisho, saa tatu nzima, kwani kuhamisha hakuna njia ya mkato. Na kama atabaki na nakala, utajuaje? Basi nikanunua rikoda ya DVD, nikajifungia chumbani.

Rikoda hizi, na deki za kuchezea kanda, sasa utazipata za mitumba. Funai ya Japani, ambayo ilidumu kuunda deki za VHS wenzake walipokwisha kuacha, nayo iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo nenda dukani na kanda usiyoionea uchungu, uicheze papo hapo, uirudishe nyuma, utege sikio kama inasaga. Geuza mashine usome volti. Ya soko la Japani hutumia 100, umeme wetu ni 240. Ukiichomeka bila transfoma, umeiunguza. Mimi napendelea deki iwe yake na rikoda iwe yake, ziungwe kwa zile nyaya za manjano, nyekundu na nyeupe. Kile chombo chenye deki na rikoda pamoja kikiharibika upande mmoja, unakosa vyote.

Lakini adui wa kanda huku pwani ni ukungu. Bonya kile kidude cha ubavuni, uinue mlango wa kanda, uutazame utepe kwenye mwanga. Ukiona weupe kama unga, au nyuzinyuzi za utando, usiitie kwenye deki. Mimi niliitia. Uchafu ukaganda kwenye vichwa vya kusomea, na kanda tatu safi zilizofuata zikatoa chenga tupu. Ikabidi nifungue deki, nilowanishe kipande cha ngozi laini kwa spiriti ya isopropili, nikishikize tuli kwenye ile dramu ya ndani huku naizungusha kwa mkono. Usisugue juu na chini. Vichwa vile ni vidogo mno, huvunjika.

Zile zilizokuwa na ukungu nilizitia kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, siku kadhaa mpaka ukungu ukakauka. Kisha nikaenda kuupangusa uani, leso imeniziba pua. Nazo nilizichezea kwenye deki nyingine, mbovumbovu, niliyoitenga kwa kazi hiyo. Hata kanda inayoonekana safi ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo urekodi. Miaka yote hiyo utepe umekaa umegandamana.

Kanda ya E-180 ni saa tatu, na diski ya kawaida kwa SP, yaani ubora wa kawaida, huchukua saa mbili. Rikoda itakushawishi uchague LP, ubora wa chini unaochukua hadi saa nne, kanda yote iingie diski moja. Kwa hotuba ya mzee aliyeketi, sawa. Kwa chakacha, viuno na shanga za bi harusi hugeuka vijisanduku. Tia diski mbili, diski si ghali kuliko harusi.

Kanda moja ilinishangaza. Rikoda ilisimama yenyewe ikasema imezuiwa kunakiliwa, kana kwamba mamangu ni kampuni ya filamu! Kumbe utepe ukichakaa mawimbi yake huyumba, na rikoda huyadhania ni ile kinga ya filamu za dukani. Nilibadilisha deki, ikapita.

Ukimaliza, diski lazima uifunge kwenye menyu (Finalize), la sivyo itachezeka kwa rikoda yako tu. Mimi umeme ulikatika katikati ya kuifunga, diski ikawa sahani. Bahati nzuri kanda ilikuwa bado nzima, nikarudia saa mbili zote. Tangu siku hiyo rikoda imechomekwa kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Ukipata rikoda yenye diski kuu (hard disk) ndani, inunue hiyo: unarekodi kwanza humo, unakata chenga, ndipo unachoma. Na nakala nyingine iweke kwenye kompyuta, maana diski za kuchoma nazo huharibika kwa joto na jua. Kanda usizitupe.

Halati mmoja alikuja kuiangalia diski, wanawe walipokwenda msikitini. Alicheka hadi akalia, kisha akaniuliza diski nitaiwekaje vijana wasiichukue kwa bahati mbaya. Nimeiandika kwa kalamu nyeusi: “Mafunzo ya Kushona, Sehemu ya Pili.” Hadi leo hakuna aliyeigusa.