Jibu: Utapimaje mafanikio kama huna pesa?

Ndugu yangu, umeuliza utajipimaje wakati wenzako wa chuo wameshajenga Goba na Madale, nawe bado umepanga Mbagala, hapa hapa Dar es Salaam. Mimi napima kwa muda. Nilikuwa na kazi nzuri ofisini Posta, katikati ya jiji. Natoka Chanika saa kumi alfajiri, narudi wanangu wamelala. Nikaacha. Sasa nashona nguo hapa hapa mtaani. Kipato kimeshuka, sikufichi, na ada huniumiza kichwa. Ila jioni binti yangu wa darasa la pili ananisomea kitabu chake. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Nani anamkumbuka kwa mali? Jiulize pia: ukiugua usiku, utamgongea nani mlango naye atoke? Mimi ninao watatu.