Je, mashimo meusi yapo kweli? Mambo ya kushika kabla hujaingia kwenye mjadala

Kabla hujabishana na yeyote, muulize: unakataa kitu gani hasa? Jina "shimo jeusi" limebeba madai matatu, na ushahidi wake hauko sawa. La kwanza ni kwamba kuna vitu vyenye masi kubwa mno vilivyobanana mahali padogo mno. La pili ni kwamba vitu hivyo havina uso, vina mpaka tu, yaani upeo wa matukio, na kilichouvuka hakirudi. La tatu ni kwamba ndani yake mna singulariti, mahali ambapo mkunjo wa anga-wakati (anga na wakati vikichukuliwa kama kitu kimoja) hauna kikomo. La kwanza limethibitika. La tatu wanafizikia wengi wanalichukulia kuwa dalili kwamba nadharia ya uvutano ya Einstein imefika mwisho wa uwezo wake. Ubishi wenye uzito umebaki kwenye la pili, na wanaoanza wengi hupotea kwa kutumia ushahidi wa dai moja kutetea jingine.

Hesabu moja itakusaidia kuliko makala kumi: nusu kipenyo cha upeo ni takriban kilomita 3 kwa kila masi 1 ya Jua. Kila unapoletewa ushahidi, tafuta masi, zidisha kwa 3, kisha uliza kipimo kimefika karibu kiasi gani na umbali huo.

Jaribu na nyota S2 iliyo kwenye kitovu cha galaksi yetu. Huzunguka Sagittarius A*, kitu kisichoonekana kilicho kwenye kitovu hicho, kwa miaka 16, na nusu ya mhimili mrefu wa njia yake ni takriban mara 1,020 ya umbali wa Dunia na Jua. Kanuni ya Kepler, inayotoa masi ya kitu kutokana na mwendo wa kinachokizunguka, inasema: 1,020 kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 16 kwa kipeo cha pili. Unapata masi milioni 4.1 za Jua, na nusu kipenyo cha upeo kilomita milioni 12 hivi. Lakini Mei 2018, S2 ilipopita karibu kabisa, ilikuwa umbali wa kilomita bilioni 18 hivi, zaidi ya mara 1,400 ya hapo. Kwa hiyo S2 inathibitisha dai la kwanza kwa nguvu sana, ila peke yake haisemi lolote kuhusu upeo. Ndiyo maana Nobeli ya fizikia ya 2020 iliwatunuku Reinhard Genzel na Andrea Ghez kwa kugundua "kitu kilichobanana chenye masi kubwa mno" kwenye kitovu cha galaksi, huku Roger Penrose akitunukiwa kwa kuonyesha kwamba kutokea kwa mashimo meusi ni matokeo thabiti ya nadharia. Zisome kauli hizo mbili kwa makini. Zimetenganishwa kwa kusudi.

Picha ya M87*, kitu kilicho kwenye kitovu cha galaksi ya M87, iliyotolewa Aprili 2019 inahitaji uangalifu zaidi. Nadharia inatabiri kivuli chenye kipenyo cha mara 5.2 ya nusu kipenyo cha upeo. Watu huchukua masi bilioni 6.5 za Jua, hukokotoa, hupata jibu zuri, kisha hushangilia. Hilo ni kosa, kwa sababu bilioni 6.5 ilitokana na pete yenyewe ya picha, unajizungusha. Tumia vipimo vya awali. Mwendo wa nyota za galaksi hiyo ulitoa takriban bilioni 6.2, mwendo wa gesi bilioni 3.5 hivi. Kwa umbali wa miaka nuru milioni 55, masi ya kwanza inatabiri kivuli chenye kipenyo cha maikrosekunde 38 za tao (kipimo kidogo mno cha pembe), ya pili 22. Pete iliyopimwa ni 42. Huo ndio ushahidi halali: pete imekubaliana na nyota na kuikataa gesi. Kumbuka pia kwamba kivuli huchorwa na mwanga unaopindwa nje ya upeo, hivyo kitu chenye uso uliojificha ndani zaidi kinaweza kutoa picha inayofanana.

Mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga-wakati yenyewe, yanafika karibu zaidi. Yale ya 14 Septemba 2015 yalitokana na vitu viwili vya takriban masi 36 na 29 za Jua. Vilipokuwa vikizungukana mara 75 kwa sekunde vilikuwa umbali wa kilomita 350 hivi, ilhali jumla ya nusu vipenyo vya upeo wa vyote viwili ni kama kilomita 195. Nyota ya kawaida haiwezi kutoshea hapo, na nyota ya nyutroni (mabaki yaliyobanana ya nyota iliyokufa) haifiki masi kubwa hivyo.

Hoja tatu za wapinzani utakutana nazo mara kwa mara. Ya kwanza: "Einstein mwenyewe alikanusha." Ni kweli, mwaka 1939. Ila alichunguza kundi la chembe zinazozunguka kwa utulivu, akaona haliwezi kubana kufikia mpaka huo. Mwaka huohuo wanafizikia Oppenheimer na Snyder walichunguza maada inayoanguka, na ikapita. Kushindwa kutulia si kushindwa kuanguka.

Ya pili ni ngumu zaidi: "kwa mtazamaji wa nje, kinachoanguka hakifiki kamwe kwenye upeo, kwa hiyo shimo halijawahi kuumbika." Jibu lianze na koordineti, yaani namba za kutaja mahali na wakati. Zile za Schwarzschild, zinazotumiwa kwa kawaida kueleza shimo jeusi, huharibika kwenye upeo kama longitudo zinavyoharibika kwenye ncha ya Dunia. Ardhi ya pale ni nzima, ramani ndiyo iliyokwama. Mwanafizikia David Finkelstein alilionyesha hilo mwaka 1958. Kisha toa hesabu: kwa masi 10 za Jua, mwanga unaotoka kwenye kinachoanguka hufifia kwa kipimo cha muda cha sehemu chache za elfu kumi za sekunde. Baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde hakuna chombo kitakachouona.

Ya tatu: "Hawking alisema hayapo." Mwaka 2014 alipendekeza kwamba upeo wa matukio kwa maana kali haupo, lakini upo upeo wa dhahiri unaozuia mwanga kwa muda mrefu. Hapo alikuwa kwenye dai la pili, hakugusa la kwanza.

Mpinzani makini atakuletea kitu mbadala, mathalani gravasta ya wanafizikia Mazur na Mottola, kitu kilichobanana chenye ganda badala ya upeo. Mheshimu, kisha uliza uso wake uko wapi. Kwenye nyota za nyutroni, gesi hurundikana juu ya uso na kulipuka kwa eksirei kwa sekunde kadhaa hadi dakika. Milipuko hiyo haijaonekana kwenye vitu vyenye masi zaidi ya 3 za Jua. Na vitu viwili vyenye uso wa kuakisi vikiungana, mawimbi ya uvutano yanapaswa kuacha mwangwi baada ya mtikisiko mkuu. Madai ya kuusikia yametolewa, na hadi sasa hakuna lililothibitika.