Usiamini kina haraka: kwa mnaoanza kusaka mitetemeko midogo

Ukianza kazi ya kufuatilia mitetemeko kwenye eneo la jotoardhi, tuseme Olkaria kule Naivasha, kitakachokuvutia kwanza ni ramani. Vidoti, kila kimoja tetemeko moja, vimejipanga juu ya nyufa, na kila kimoja kina kina chake kilichoandikwa kwa usahihi wa mita kumi. Tulia kwanza. Jiofoni zetu, yaani vifaa vya kunasa mtikiso wa ardhi, zote ziko juu ya ardhi, na tukio, yaani tetemeko, liko chini. Ukilizingira kwa vituo pande zote, utajua liko chini ya kilima gani. Kina ni habari nyingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wimbi la P, lile la kusukuma na kuvuta, hutangulia; la S, lile la kutikisa kando, hufuata, na pengo kati yao hukua kadiri tukio lilivyo mbali. Kwenye mwamba unaopitisha P kwa kilomita 5 kwa sekunde, na P ikiwa na kasi mara 1.73 hivi ya S, pengo la sekunde 1 ni karibu kilomita 7. Ukichelewa kuisoma S kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, umeshapotea mita 700. Na S ndiyo sumbufu, maana huingia wakati mkia wa P bado unacheza. Isome kwenye chaneli za mlalo, si ya wima. Bila S, programu ya kukokotoa mahali pa tukio itakupa kina cha kubahatisha: lisukume tukio chini kidogo, rudisha nyuma muda lilipoanza, na P itafika karibu vilevile. Dawa ni kuwa na kituo kilicho karibu juu ya tukio lenyewe. Kama tetemeko lina kina cha kilomita 3, kituo kilicho umbali wa kilomita 10 hakitakuambia mengi kuhusu kina hicho.

Halafu uliza: kina kutoka wapi? Olkaria iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na programu nyingi huweka sifuri kwenye usawa huo. Kwa hiyo tukio la "kina 0" liko kama kilomita 2 chini ya buti zako, mle mle visima vya mvuke vinamofika. Nimeshuhudia wachimbaji na watu wa mitetemeko wakibishana asubuhi nzima, kumbe kila upande ulikuwa na sifuri yake.

Saa nazo ni hivyo hivyo. Vifaa hufuata UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kutoka GPS. Mlinzi wa kituo ataandika "lori limepita saa nne asubuhi". Kwenye rekodi itafute 07:00. Daftari la mlinzi lithamini sana, kwa sababu kelele ni nyingi: ng'ombe, mabomba ya mvuke, upepo. Mti ukiyumba, mizizi yake hutikisa udongo, basi fukia jiofoni mbali nao. Lori halina P wala S. Huvimba taratibu, hufifia taratibu, kisha huonekana kituo kinachofuata barabarani.

Ukubwa wa -1 si kosa la kuchapa. Kipimo hiki ni cha logi, kila hatua ni mara 10 ya mtikiso, kwa hiyo vidogo sana huangukia chini ya sifuri. Ila usihesabu idadi ya matukio bila kujua ni ukubwa gani mtandao wako haukosi. Usiku kelele hupungua na vidogo vingi hunaswa, na kila mwaka kuna mtu anayetangaza kwamba ardhi hutetemeka zaidi usiku.

Mwisho, mwelekeo wa ufa. Huo tunaupata kwa kuangalia P ilianza kwa kusukuma juu au kuvuta chini kwenye kila kituo, hivyo waya mmoja uliogeuzwa unaharibu kila kitu. Subiri tetemeko kubwa la mbali, la Indonesia kwa mfano. Vituo vilivyosongamana ndani ya kilomita 20 vinapaswa kuanza upande uleule. Kinachokwenda kinyume, geuza alama yake kwenye faili, andika kimekuwa hivyo tangu lini, kisha rudia hesabu ya kila tukio kilimohusika.