Maswali ya Wasomaji: Kazi Zinazojirudia Katika Programu

SWALI: Ninaandika programu ya Java kwa ajili ya chama cha matatu hapa Nairobi. Kazi moja hukusanya hesabu za magari kila dakika 5. Nyingine huwakumbusha wanachama marejesho ya mikopo. Zote zinaendeshwa na Timer moja (zana ya Java ya kuendesha kazi kwa ratiba). Ya kwanza ikikawia, ya pili nayo hukawia, na wakati mwingine zote husimama kabisa. Nifanyeje? – Msomaji, Umoja

JIBU: Timer ina uzi (thread) mmoja tu wa utekelezaji, yaani njia moja inayoendesha kazi moja baada ya nyingine, hivyo kazi ndefu huzuia zinazoifuata, na kazi yoyote ikitupa hitilafu (exception) isiyodakwa, yaani ambayo msimbo wako haukuishughulikia, uzi huo hufa pamoja na ratiba nzima. Hamia ScheduledThreadPoolExecutor, zana ya ratiba inayoweza kuwa na nyuzi kadhaa, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, uipe nyuzi 2.

Chagua pia namna ya kurudia, kwa maana hapa ndipo wengi huteleza. Ukitumia scheduleAtFixedRate, muda huhesabiwa tangu kazi ilipopaswa kuanza, kwa hiyo kazi ya kila dakika 5 ikichukua dakika 7, awamu inayofuata huanza mara tu ile ya kwanza inapokwisha. Kwa scheduleWithFixedDelay, muda huhesabiwa tangu kazi ilipomalizika, yaani awamu ya pili itaanza dakika ya 12. Kwa kukusanya hesabu kupitia mtandao unaosuasua, ningechagua hii ya pili.

Hitilafu isiyodakwa bado itafuta marudio ya kazi husika, tena kimyakimya, jambo linaloudhi kweli. Idake ndani ya kazi yenyewe na uiandike kwenye kumbukumbu (log) za programu.