Mwezi Haujaandama: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema bosi amekutaka tarehe ya Idi, nawe ukawa huna ya kumpa, ukaona haya. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kwani tukiongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu, Ramadhani si itatulia mahali pamoja?"

Hesabu yako iko sawa. Mwaka wa mwezi una siku 354, wa jua 365, ndiyo maana Ramadhani hutangulia siku 11 hivi kila mwaka. Wayahudi huziba pengo hilo kwa kuongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19. Sisi tumekatazwa.

Kabla ya Uislamu, Waarabu walikuwa na mtindo wao ukiitwa nasii. Miezi minne ilikuwa mitukufu, haipiganwi vita; kwa majina yetu ni mfunguo pili, mfunguo tatu, mfunguo nne na Rajabu. Sasa mtu mwenye kisasi akae miezi mitatu mfululizo panga liko alani? Walipochoka kungoja walisema utukufu wa Muharram, yaani mfunguo nne, mwaka huu tumeusogeza Safar, mfunguo tano, wakaendelea kuuana kwa halali waliyojitungia. Surat Tawba, aya ya 37, imeiita nasii kuzidi katika ukafiri. Wapo wanazuoni wanaosema ilikuwa pia ni kuongeza mwezi, yaani hicho hicho unachokitaka. Wewe hutaki vita, najua, unataka likizo tu. Lakini kila anayeusogeza mwezi huwa na haja yake, na haja haziishi.

Halafu hebu tuitulize hiyo Ramadhani Juni. Kaskazini mwa Ulaya mchana wa Juni hupita saa 18. Nyuzilandi haufiki saa 10. Huyu afunge mchana mrefu maisha yake yote, yule mfupi, na nani atakayewaambia ndiyo haki? Ilivyo sasa, kila mmoja atapata marefu na mafupi yake, Mungu akimpa umri. (Mwaka 2030 tutaziona Ramadhani mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwambie bosi wako mapema.)

Lakini sababu yangu mimi ni nyingine, na si ya kitabuni. Wewe ulizaliwa Ramadhani ya mwaka 1414, Februari 1994. Nilikubeba tumboni huku Ramadhani inakuja, na nikalipa siku zangu baadaye. Tangu hapo nimeifuata ikirudi Januari, Desemba, Novemba, ikazunguka mwaka mzima wa jua, na Ramadhani hii ya 1447 imeniingilia Februari tena. Kwa jua una miaka 32, kwa mwezi 33. Mzunguko mmoja kamili, mwanangu. Nilipouona mwezi mwandamo, mwembamba kama ukucha uliokatwa, nilijua ni ule ule wa mimba yako, nikakaa chini.

Na kuhusu tarehe, hata yako ina maneno. Ulitoka Alhamisi, adhana ya magharibi imeshamalizika. Nesi akaandika Alhamisi. Bibi yako akakuchukua na damu zako bado, akasema, "Huyu ni mtoto wa Ijumaa," kwa kuwa jua likizama siku imekwisha na usiku wa Ijumaa umeingia. Nesi akacheka, hakufuta. Cheti chako kina siku moja, bibi yako alikuwa na nyingine, na sijawahi kuona haja ya kuzipatanisha.

Haya, likizo. Mwezi una siku 29 au 30, hauna zaidi. Omba siku mbili zinazofuatana. Akiuliza kwa nini mbili, mwambie mwezi haujaandama.

Mama yako